Nina miaka 20, bima ya boda nikaandikiwa jina la mjomba: kilichotukuta kwenye kona ya Matombo

Wakuu salaam, na poleni na mihangaiko.

Hii ninayoileta ni yangu mwenyewe. Si ya rafiki yangu, si ya jamaa fulani wa mtaani. Ni mimi hapa, pikipiki yangu na ukoo wangu. Majina nimebadilisha na kampuni sizitaji, maana sitaki kesi juu ya kesi. Mengine yote ni kama yalivyotokea, wallahi.

Nitaandika taratibu, mnivumilie.

Mimi ni dereva boda, kijiwe changu kipo Bigwa, hapa hapa Morogoro mjini. Leseni ninayo, daraja A, halali kabisa, niliisotea mpaka nikaipata. Hilo naliweka wazi mapema kwa sababu najua humu kuna watu wakisikia kijana na boda, wanajua hana leseni na amevaa ndala.

Mama yangu ni Mluguru wa Matombo. Kwa wasiotujua sisi Waluguru: kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Shamba ni la upande wa mama. Na mtoto akiharibu, anayeitwa si baba, anaitwa mjomba. Baba yangu yupo, tunapendana sana, lakini likija jambo zito la ukoo yeye anakaa pembeni anakunywa chai yake.

Pikipiki ilinunuliwa kwa mavuno ya shamba la bibi, mzaa mama. Karafuu na ndizi. Shamba lenyewe liko mgongoni mwa mlima, ukilima unashika jembe kwa mkono mmoja na mkono mwingine unashika jani usiporomoke. Ndilo linalolisha watu wote wa tumbo lile, akina mama mkubwa, watoto wao, na mimi.

Kadi ya pikipiki ikaandikwa jina la Mjomba Mkude, kaka wa mama, kwa sababu yeye ndiye msimamizi wa mali za ukoo.

Siku ninakabidhiwa, bibi aliishika usukani akaitazama kwa muda, halafu akaniambia: "Mjukuu wangu, ukimvunja mtu na hiki chuma, wataniuzia shamba nikiwa hai. Usije ukanifanyia hivyo."

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu kijiweni kwetu kuna mwana tunamwita Idd, kwao Mlali. Idd alimgonga mtoto wa shule kule kwao. Bima alikuwa nayo, stika ilikuwa hai, tena alikuwa anatamba nayo. Kumbe ilikuwa imekatwa kama pikipiki ya matumizi binafsi, na yeye siku ile alikuwa na abiria. Kampuni ikamwambia samahani ndugu, hii haituhusu.

Mzee wake akauza shamba la nyanya ili mtoto wa watu atibiwe. Leo hii yule mzee ni kibarua kwenye shamba lile lile. Nimempita kwa macho yangu akipalilia, nikajifanya sijamwona maana nilijisikia aibu kwa niaba ya Idd.

Tangu siku hiyo, aisee, abiria akipanda nyuma yangu nilikuwa namsikia mzito kuliko alivyo. Ninaendesha huku ninawaza, huyu akidondoka hapa, bibi anahama. Kila tuta, bibi anahama. Kila lori likinipita, bibi anahama. Wenzangu walikuwa wananiita "Babu Taratibu". Poa tu, nilikuwa nakubali.

Nikasema lazima nikate bima inayoeleweka. Yenye kumfunika abiria, ya biashara, siyo ile ya kumwonyesha trafiki.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sijui kitu.

Ofisi ya kwanza, dada wa mapokezi mchangamfu kabisa, akaniuliza: "Private au ya biashara?" Nikasema biashara, nabeba abiria. Uchangamfu ukaisha palepale. Akaniambia boda za abiria wamesimamisha kwa sasa, labda nikate ya binafsi. Nikamuuliza, nikikata ya binafsi na nikabeba mtu? Akanyanyua mabega. Nikamkumbuka mzee wa Mlali, nikatoka.

Ofisi ya pili nikapokelewa na baba mtu mzima, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri. Akachukua leseni, akaigeuza, akaniangalia, akaigeuza tena.

"Una miaka mingapi, kijana?"

"Ishirini, mzee."

Akacheka. Siyo kwa dharau, alicheka kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Akanieleza kwamba kwa pikipiki ya abiria, kwenye kampuni yao dereva lazima awe amefikisha ishirini na tano na leseni iwe imekaa miaka kadhaa. Vijana wanawatia hasara. "Rudi ukikua," akasema.

Nirudi nikikua! Kwa hiyo hapo katikati niwe nakula udongo?

Na kilichoniuma zaidi, nikiwa bado nimekaa pale akaingia mwanafunzi mmoja wa chuo cha Mazimbu, mdogo kuliko hata mimi, ana pikipiki ya kwenda darasani. Alitoka na bima yake kabla sijamaliza kufunga begi langu. Ya binafsi ile. Huyo anaendesha Jumatatu na Jumatano, mimi ninayeshinda barabarani kutwa nzima na roho za watu mgongoni ndiyo naambiwa nisubiri kukua.

Nikazunguka wiki kadhaa. Huku wanasema umri, huku wanasema leta kikundi mkate pamoja, huku wanasema mfumo uko chini. Na kazi siwezi kuacha, kwa hiyo kila siku naendesha hivyo hivyo.

Mwisho nikakutana na wakala mmoja, meza yake ipo chini ya mwavuli karibu na stendi. Kijana mjanja mjanja, anaongea huku anachati. Nikamweleza shida yangu, akaniangalia kama nimemuuliza njia ya kwenda sokoni.

"Kadi ya pikipiki jina la nani?"

"La mjomba."

"Mjomba ana leseni?"

Hapa ngoja niwaeleze kuhusu Mjomba Mkude. Mjomba enzi zake alikuwa dereva wa lori. Leseni anayo, ina madaraja kibao, hata A imo, yeye mwenyewe hajui iliingiaje. Lakini pikipiki hajawahi kuendesha hata siku moja. Anaiogopa vibaya sana. Hata kubebwa hataki. Ukimsimamishia njiani anakwambia "tangulia, nakuja", na anakuja kweli, kwa miguu, kutoka huko huko.

Wakala akasema basi imeisha hiyo. "Tunaandika mzee ndiye dereva. Umri upo, leseni ipo. Wewe unamsaidia tu. Nani atajua?"

Nikaenda Matombo kumweleza mjomba. Nilitegemea akatae, na nadhani nilitamani akatae. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema: "Sasa hapo umeona ajabu gani? Wewe ukifanya jambo, anayeitwa si mimi? Waandike."

Kwake yeye halikuwa suala la udanganyifu kabisa. Alikuwa anaona kampuni ya bima hatimaye imeelewa utaratibu wa Kiluguru, kwamba mpwa akiendesha, mjomba ndiye anayejibu. Nilijaribu kumweleza kwamba wazungu wa bima hawafikirii hivyo, akasema, kwani hao hawana wajomba?

Ikakatwa. Trafiki akinisimamisha anaingiza namba kwenye simu, inasoma iko hai, ananiambia nenda. Mama akafurahi. Bibi akafurahi.

Mimi ndiyo kwanza nikawa sina amani. Zamani nilikuwa naogopa ajali. Sasa naogopa ajali na naogopa kuulizwa.

Basi bwana, siku ya siku.

Nilikuwa nimembeba Mama Zai, mama wa makamo, mfanyabiashara wa viungo. Ananunua mdalasini na pilipili manga huko juu Matombo, anapeleka sokoni mjini. Mteja wangu wa kudumu, mama mmoja mpole ambaye akikuta sijala ananikatia muhogo wake nusu. Tulikuwa tunashuka, asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Mnaoijua ile barabara mnajua udongo wake mwekundu ukilowa.

Kwenye kona moja, kushoto mlima, kulia korongo, lori la ndizi likatokea limechukua njia yote.

Sikuwa na mwendo. Naapa sikuwa na mwendo. Nilibana kushoto, tairi la mbele likapoteza njia, na sisi tukalala chini. Mimi nilichubuka tu. Mama Zai aliangukiwa na pikipiki mguuni, na gunia lake la mdalasini juu yake.

Mlio ule wa mfupa, wakuu... tuendelee tu.

Alikuwa ananiambia "usiogope mwanangu, usiogope", yeye ndiye kavunjika na ananibembeleza mimi. Nikamshika kichwa, nalia, nasema samahani mama, samahani mama. Na nitawaambia kitu cha aibu: katikati ya kilio kile, nilikuwa naliona shamba la bibi. Naona watu wanapima kwa kamba.

Dereva wa lori, Mungu ambariki, hakukimbia. Tukampakia Mama Zai mbele kwenye lori, nikaenda naye mpaka hospitali mjini. Wakasema mguu lazima uwekwe chuma, na ni safari ndefu.

Niliporudi jioni kutoa maelezo kituoni ndiyo nikamkuta Mjomba Mkude amekaa kwenye benchi la polisi, kanzu safi, fimbo katikati ya magoti. Alisikia ajali, akashuka kwa miguu, na akafika kabla yangu.

Nikampa shikamoo. Akaitikia, halafu akasema kwa sauti ya chini: "Nimeshawaambia. Nilikuwa naendesha mimi."

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Mjomba, umesemaje?"

"Nimesema ni mimi. Si ndivyo tulivyoandika? Wewe nyamaza."

Ningefanya nini? Mtu mzima ameshatoa maelezo na ameshasaini. Nikisema siyo, namfanya mjomba wangu mwongo mbele ya polisi. Nikinyamaza, nakuwa mwongo mimi. Nikanyamaza.

Siku zilizofuata sikulala. Ule usingizi wa kushtuka shtuka mnaujua. Simu ikiita nadhani ni polisi, mtu akibisha hodi nadhani ni bima, mbwa akibweka nachungulia dirishani.

Nikaenda kumwona Mama Zai hospitali. Mwanae mkubwa alikuwepo, kijana mstaarabu, hakupiga kelele, na ustaarabu wake ndio ulionitisha. Akaniambia: "Bro, sisi hatuna ugomvi. Bima ikilipa, yameisha. Isipolipa, tutakwenda kuongea na wenye shamba."

Mama Zai akamwambia atoke nje kidogo. Kisha akaniambia bila kunitazama: "Wakija kuniuliza, nitasema ni mzee. Mvua ilikuwa inanyesha, nilijifunika khanga, nitasema sikuangalia vizuri." Akaongeza: "Mwenyezi Mungu anisamehe. Mguu nautaka."

Oneni sasa tulipofika. Kila mtu alikuwa mtu mzuri, na kila mtu alikuwa tayari kusema uongo.

Siku ya mkaguzi wa bima ikafika. Nilitegemea jibaba la tai na miwani. Akaja dada mmoja mpole, mabuti ya mvua, hijabu. Akampa mjomba shikamoo kwa kupiga goti kidogo kabisa. Mjomba alifurahi, nikaona kabisa amepumua. Mimi ndiyo nikazidi kuogopa, maana mtu mkali unajua atapiga wapi, ila mpole hujui.

Akaomba twende kwenye kona yenyewe, na pikipiki iletwe. Polisi walikuwa wameshaiachia, na fundi alishanyoosha usukani. Nikaisukuma mpaka pale. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, na majirani wawili watatu waliokuja kushangaa.

Akauliza maswali ya kawaida. Lori lilitokea wapi, mlikuwa upande gani. Mjomba alijibu yote, nilikuwa nimemweleza, akajibu vizuri kuliko mimi.

Halafu yule dada akasema, kwa heshima zote: "Mzee wangu, sitakusumbua sana. Naomba uiwashe tu, uende nayo hadi kwenye ule mgomba pale, ugeuze urudi. Basi nitaondoka."

Watazamaji wakasogea karibu.

Nikasema haraka haraka, dada, mzee ana maumivu ya kiuno. Mjomba akanigeukia akaniangalia kwa jicho ambalo tangu utotoni likikuangalia unakaa chini. Akampa mwenyekiti fimbo yake. Akakunja kanzu, akaifunga kiunoni.

Wakuu, nilimwona akiushika ule usukani. Mtu ambaye hata kubebwa hataki! Alipanda kwa kujivuta, akakaa kama anakaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Korongo lilikuwa pale, hatua chache kulia kwake, na mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara.

Akapiga kiki. Haikuwaka. Akapiga tena. Mimi moyoni naomba dua zote ninazozijua isiwake. Ya tatu ikawaka.

Sasa sikilizeni. Mjomba ni mtu wa lori. Kwenye lori klachi iko mguu wa kushoto. Na akiwa na hofu aliushika mkono wa mafuta kwa nguvu zote, kama anashikilia asianguke, injini inalia mpaka moshi. Nikamwona anaunyanyua mguu wa kushoto kutafuta klachi. Kwenye pikipiki pale pana gia.

Nikapiga kelele, "Mjombaaa usikanyage!"

Akakanyaga.

Pikipiki iliruka kama imepigwa teke. Na kadiri ilivyoruka ndivyo alivyozidi kung'ang'ania mafuta, na kadiri alivyong'ang'ania ndivyo ilivyokwenda. Haikwenda kwenye mgomba. Ilikwenda kulia.

Sikumbuki nikikimbia. Nakumbuka tu nimeshika keria ya nyuma kwa mikono miwili, nimelala chini, naburutwa tumbo kwenye matope, na sauti yangu mwenyewe inasema "Ni mimi! Ni mimi niliyekuwa naendesha! Mjomba acha! Ni mimi!" Nilikuwa napiga kelele hizo kama vile zingeweza kuzima injini.

Tairi la mbele likaning'inia. Pikipiki ikalala ubavu, ikazima. Mawe yakaanguka kule chini na tukayasikia yanavyokwenda, yanakwenda tu.

Mjomba alikuwa amelala ukingoni, bomba la moshi limemuunguza shavu la mguu, kanzu yote udongo. Mwenyekiti akamvuta kwa kwapa. Na mnajua kitu cha kwanza alichosema?

"Huyu mtoto mwongo. Ni mimi."

Yule dada alikuwa amejishika kifua, analia waziwazi. Akachuchumaa mbele ya mjomba akamwambia: "Mzee wangu, nimekuja kuandika ripoti. Sikuja kuua mtu." Kisha akanigeukia, akaniuliza mara moja tu nani alikuwa anaendesha, na mimi nikamweleza yote, kuanzia wakala wa mwavuli mpaka pale.

Bima ikakataliwa. Dereva aliyeandikwa siye aliyeendesha, hakuna cha kujadili. Mjomba akawekwa kituoni kutwa nzima kwa kutoa maelezo ya uongo, mwenyekiti akamdhamini, yakaisha kwa onyo. Mimi nikapigwa faini. Wakala, ukimpigia, namba haipatikani, na mwavuli umehama.

Kabla hajaondoka, yule dada aliniambia jambo ninalolirudia kichwani hadi leo. Alisema kampuni nyingine zinamchukua dereva kijana ukiomba kwa maandishi, wanakupandishia gharama. "Wangeweza pia kukukatalia," akasema, "lakini ungejua unaendesha bila kinga. Wewe ulikuwa umefunikwa na karatasi tu."

Kikao cha ukoo kilikaa kwa bibi. Familia ya Mama Zai ilikuja. Nilikaa karibu na mlango, nimejiandaa kusikia bei.

Bibi alisema shamba haliuzwi, ila watu hawa wana haki yao. Akatoa kipande cha juu, chenye karafuu na mdalasini, mavuno yawe yao mpaka Mama Zai atembee, na pikipiki ikauzwa kulipia kile chuma cha mguu. Yule mwanae akakubali. Sisi tunabana mkanda, tunakula kilichobaki chini. Hivi sasa mimi ni kibarua wa kuvuna karafuu, na nusu ya ninazozivuna si zetu.

Baada ya kikao nilimfuata mjomba nje. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumkana mbele za watu, maana kwetu mpwa hamkatishi mjomba kauli. Alikuwa anajifunga kitambaa kwenye lile jeraha la moto. Nikamuuliza, mjomba, ulipanda ya nini? Si ulijua huwezi?

Akasema bila hata kunyanyua uso:

"Nilijua nitaanguka. Nilifikiri nikianguka pale, mbele ya macho yake, nani angesema tena kwamba sikuwa mimi?"

Akamaliza kufunga kitambaa chake, akaniuliza kama nimekula.

Wakuu, nilikuwa sijaelewa mpaka dakika ile. Mimi nilidhani mzee amezidiwa na pikipiki. Kumbe alipokunja kanzu alikuwa ameshapiga hesabu yake, na hesabu yenyewe ni yeye kwenda kule chini na sisi kubaki na shamba. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Vijana wenzangu wa boda, ukiambiwa umri haujafika, usikubali kufichwa nyuma ya jina la mtu mwingine, hasa mtu anayekupenda. Hujui atalibeba mpaka wapi. Na ukikatiwa bima, soma pale palipoandikwa dereva ni nani na matumizi ni yapi. Kama hujui, uliza, uonekane mshamba, poa tu.

Mwenye kuijua kampuni inayompokea dereva wa miaka ishirini na abiria wake, kwa jina lake mwenyewe, ataje utaratibu hapa hadharani usaidie wengi. Mawakala msinifuate PM, nawaomba kwa amani.

Na wale ambao tayari mnaandika kwamba nilijitia mlokole, kwamba ningenyamaza sekunde chache tu kampuni ingelipa na leo ningekuwa na pikipiki yangu, karibuni, semeni. Kijiweni wameshaniambia hivyo. Ila kabla hujaandika, kwanza nijibu hili: wewe ungesimama wapi pale barabarani, ukimwangalia anavyokwenda?